Figo ya Samaki

Kila mwaka nawaonya wanafunzi wangu: mkimpasua samaki, msiukwangue ule mstari mweusi chini ya uti wa mgongo. Si damu iliyoganda, ni figo. Na kila mwaka hakosi kichwa maji mmoja wa kuukwangua.

Safari hii nilikuwa naandaa vielelezo peke yangu. Kazi hiyo ilikuwa ya mdogo wangu, fundi wa maabara yetu, ambaye shule nzima ilimwita Wembe. Sasa figo zake mwenyewe zimegoma, na mara tatu kwa wiki anafungwa kwenye mashine ya kumsafisha damu. Vipimo vimeonyesha kwamba figo yangu moja ingemfaa. Fomu ya kukubali ilikuwa mkobani mwangu, inatakiwa hospitali kesho asubuhi, na sikuwa nimeisaini.

Nilikwisha kutoa figo za chura, bapa na nyekundu, na za kuku, zilizojibana kwenye mifupa ya nyonga. Kuku hata kibofu hana; mkojo wake ni ule weupe unaotoka pamoja na kinyesi. Sungura ndiye anayefanana na sisi: figo mbili mfano wa maharagwe, na kibofu chini yake. Nilipozikata hizo nilijikuta nimejishika kiuno.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Wembe, miguu imevimba, anacheka.

"Dada, nimekuja kukukagua. Usije ukaniharibia maabara."

Akapita trei baada ya trei akinitania. "Chura, sawa. Kuku, mkono mzuri. Sungura, haya, umejitahidi." Kwenye samaki akasimama. Uti wa mgongo ulikuwa mweupe, safi, kama wa samaki anayekwenda kikaangoni.

"Nani kafanya hivi?"

Hapakuwa na mtu mwingine humo ndani.

"Mawazo yalikuwa mbali," nikasema.

"Miaka kumi na minane unawaonya wanafunzi, hujawahi kukosea hapa." Akavuta stuli, akaketi taratibu. "Unaogopa, dada."

"Siogopi."

"Fomu umeisaini?"

Nikautazama mkoba. Akaniangalia, kisha akatabasamu vile anavyotabasamu tangu utotoni akiwa na maumivu.

"Basi iache. Una watoto. Mashine ipo, nitaendelea nayo."

Nilitaka kumwambia hapana, nasaini sasa hivi, nipe kalamu. Badala yake nilishusha pumzi, ndefu, ya mtu aliyetuliwa mzigo. Nilijichukia kabla haijaisha, lakini Wembe alikuwa ameshaisikia.