Barua Iliyoishia Ndani

Zuena alikuwa ameshagonga mihuri hati za makontena kumi na mawili, vidole vimeingia rangi ya wino, kabla hajapata upenyo wa kuisogelea kompyuta. Ndivyo asubuhi zilivyokwenda pale ofisini Kurasini, jirani na bandari, tangu kampuni ilipoingiza intaneti mwanzoni mwa mwaka tisini na nane. Kwanza hati, maana madereva wa malori walikuwa nje tangu alfajiri, magurudumu yamezama kwenye tope la mvua za El Nino. Halafu, kabla ya chai, dakika kumi za Naima.

Naima alikuwa mwanawe wa pekee, mwaka wa pili wa chuo huko Malaysia, kwa ufadhili alioupata kwa akili zake mwenyewe. Barua ya posta kutoka huko ilichukua wiki tatu, nyingine tano. Imeili ilifika chai haijapoa. Zuena, mzaliwa wa Mtoni, aliyeolewa Mtoni na kufiwa na mume hapohapo Mtoni, alijifunza kuitumia akiwa na miaka arobaini na sita, akibonyeza herufi mojamoja kama anayechambua mchele. Tangu hapo hakurudi tena mikono mitupu kwenye chumba chake cha kupanga. Mwaka wa kwanza alikuwa akipika ugali wa mtu mmoja na kuzima redio mapema, kwa kuwa hakuna wa kubishana naye. Sasa alirudi na maneno, akayatafuna hadi usingizi ukamchukua.

Jana yake, Jumanne, maneno yalikuwa haya: “Mama, usishtuke. Wameona uvimbe tumboni. Alhamisi alfajiri naingia hospitali wanipasue. Jumatano usiku nitakaa maabara ya kompyuta mpaka wanafunga saa tatu. Niandikie. Usiandike ya hospitali, niandikie ya nyumbani.”

Zuena alishinda Jumanne nzima akitafuta la kuandika, na jioni, watu wakifunga madroo, akaandika mistari mitatu na kutuma. Leo alikuta mistari ileile imerudi kwake, juu yake sentensi ya Kiingereza.

“Isack, hebu nisomee hapa.”

Isack, karani wa meza ya pili, aliinama. “Imezuiwa, dada. Hujaona tangazo? Limebandikwa jikoni tangu jana jioni.”

Zuena akaenda jikoni. Karatasi ilikuwa juu ya birika la umeme, imeshaanza kujikunja kwa mvuke. Watumishi wa daraja la nne kushuka, kuanzia tarehe hiyo, watatumia barua pepe kwa mawasiliano ya ndani ya kampuni tu. Barua za nje zilizoelekezwa kwao zitarudishwa kwa waliozituma. Sababu ilikuwa mstari mmoja: laini kuelemewa. Kweli wiki iliyopita mtu alitumiwa picha za harusi, laini ikaziba asubuhi nzima, na orodha ya shehena ya meli ikachelewa.

Zuena alikuwa daraja la nne.

Akahesabu saa kwa vidole. Malaysia wako mbele saa tano. Saa tatu usiku ya Naima ilikuwa saa kumi alasiri ya Kurasini.

Khalfani, fundi wa kompyuta, alikuwa kwenye kile chumba chake kidogo chenye kiyoyozi pekee kilichofanya kazi jengo zima.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, baba. Mwanangu anapasuliwa kesho. Nifungulie barua moja tu itoke.”

Khalfani aliacha kibodi. “Mie nimepewa orodha, mama. Majina kumi na moja. Kila asubuhi printa ya meneja inatoa karatasi ya barua zote zilizotoka nje, nani katuma, saa ngapi. Nikikufungulia litatoka jina lako na langu.”

“Hata moja?”

“Hata moja. Na mie mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu.” Akatazama sakafu. “Nisamehe, mama.”

Meneja utawala alikuwa Bwana Gozbert, aliyeletwa na wenye mali wapya shirika lilipobinafsishwa. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alimkaribisha Zuena kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, hata miwani akaivua.

“Pole sana, Bi Zuena. Lakini nikikufungulia wewe, kesho Isack atakuwa na mjomba Nairobi, keshokutwa mwingine ana shemeji Mwanza.”

“Mie sina mjomba Nairobi, bosi. Nina mtoto.”

“Nakuelewa. Hivyo ndivyo mashirika yetu yalivyokufa, kila mtu na dharura yake.”

“Basi niruhusu niende mjini, kuna duka la intaneti pale karibu na posta. Saa moja tu nimerudi.”

“Leo? Na meli imefunga gati tangu jana? Hati zake zote ziko mezani kwako.” Akafikiri, akaona amepata la kumsaidia. “Kesho. Kesho nakupa asubuhi nzima.”

“Kesho atakuwa keshaingia chumba cha upasuaji.”

Gozbert aliitazama kalenda ukutani kana kwamba ingemwongezea siku. “Agizo limetoka juu,” alisema.

Alibaki Apolonia, katibu wa mkurugenzi, ambaye barua zake zilikwenda popote duniani. Zuena alimkuta akikoroga chai. Alipomaliza kumweleza, Apolonia bado alikuwa akikoroga.

“Dada, zangu zote mkurugenzi anazisoma. Unaona wamepunguza watatu mwezi uliopita. Nami nina wadogo zangu wanne wananitegemea.” Macho yake yalikuwa yamelowa. “Ningekuwa peke yangu, wallahi ningetuma.”

Apolonia alikuwa Mkristo wa Tabora. Zuena hakuwahi kumsikia akisema wallahi.

Adhuhuri ikapita, hati zikaja, hati zikaondoka. Namba ya simu ya bweni aliyokuwa nayo ilikuwa ya mwaka jana, Naima alishahama. Alikula mihogo miwili kati ya minne aliyonunua getini. Saa tisa na robo alisukuma karatasi pembeni, akaifungua kompyuta, akaanza kuandika, na safari hii hakukwama popote.

“Mwanangu Naima, umesema nisiandike ya hospitali. Haya. Mvua imeangusha ukuta wa choo, sasa nyumba nzima tunakwenda kwa zamu, na Bi Tabu kajipa umonita, anakaa na kijiti anaita majina. Paka wako kazaa ndani ya sanduku la vitabu vyako. Sikumtoa. Ijumaa hupika samaki wa nazi na kila mara napika wa watu wawili, nakumbuka chungu kikiwa kimeshaiva, basi Jumamosi nakula kiporo chako. Chandarua chako bado kipo, nakishusha jioni, nakifunga asubuhi. Mlango ukigongwa huwa nasema karibu Naima, halafu anaingia mtu mwingine. Usiogope. Wakikuambia hesabu mpaka kumi, hesabu kwa Kiswahili, taratibu. Mie nipo hapa nahesabu nawe.”

Chini yake akaandika anwani ya Naima, herufi kwa herufi, wazi, asije mtu akasema haikusomeka. Hakuomba lolote. Kwenye nafasi ya mpokeaji akaandika jina pekee la jumla lililokuwapo kwenye kompyuta za kampuni, Wote, akabonyeza.

Mashine zikaanza kulia, moja hapa, moja kule, hadi chumba cha uhasibu nyuma ya ubao wa plaiwudi. Watu thelathini na wanane. Milio ya vibodi ikafifia, ikakoma. Isack alisoma mdomo wazi, akajifanya anatafuta kitu mvunguni mwa meza. Nyuma ya plaiwudi mtu alipenga kamasi. Zuena hakugeuka. Alitazama saa ya ukutani ikisogea.

Saa kumi kasoro dakika tano Avelina wa uhasibu, daraja la pili, alipita akamshika bega.

“Umeandika vizuri, dada. Mpaka nimelia. Mungu atamponya.”

“Umemtumia?”

Avelina aliondoa mkono. “Mie? Si Apolonia keshatuma?”

Apolonia alidhani Khalfani. Khalfani alidhani mabosi wenyewe wangeona aibu na kutuma. Kila mmoja aliisoma mpaka mwisho, na kila mmoja alikuwa na uhakika juu ya mwenzake. Saa kumi ilipogonga, Zuena alizima kompyuta na kurudi kwenye hati za meli.

Alhamisi, badala ya ile asubuhi nzima, alipewa bahasha. Aeleze kwa maandishi kwa nini asichukuliwe hatua kwa kutumia barua pepe ya kampuni kuwasiliana na mtu wa nje. Alikwenda mjini mwenyewe mchana, akaandika kwenye duka la intaneti, akalipa, akakaa mbele ya kioo cha kompyuta akisubiri jibu hadi muda wake ukaisha. Jibu halikuja.

Ijumaa Apolonia alimwita mbio kwenye simu.

“Mama?” Sauti ilikuwa nyembamba, inakuja na mwangwi wake. “Nimetoka salama. Uvimbe haukuwa mbaya. Nesi kaniazima kadi ya simu.”

“Alhamdulillahi. Alhamdulillahi, mwanangu.”

“Nilikaa mpaka wakazima taa, mama. Barua zangu zinarudi. Nikasema, mama leo kanikataa.”

“Nilikuandikia,” alisema Zuena. “Naima, nilikuandikia.” Lakini laini ilikuwa imeshakatika, na aliyasema hayo mbele ya Apolonia, aliyekuwa akipanga klipu za karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Akarudi mezani, akachukua kalamu, akaandika maelezo aliyodaiwa. Akayapeleka mwenyewe na kusimama Gozbert akiyasoma.

“Ndugu Meneja, agizo lilisema ndani tu. Barua yangu niliituma ndani. Imesomwa na watu thelathini na wanane, nawe ukiwemo. Aliyeandikiwa peke yake ndiye hakuisoma. Sikuwasiliana na mtu wa nje.”

“Bi Zuena,” Gozbert alisema kwa upole, “ungeomba radhi tu, yaishe.”

“Nionyeshe palipo na uongo, bosi, nitaomba.”

Gozbert akayasoma tena, kalamu mkononi kama mwalimu anayetafuta pa kusahihisha. Mwishowe akaifunga kalamu, akayaweka maelezo kwenye faili.

Jumatatu jikoni kulikuwa na tangazo jipya. Watumishi wa daraja la nne kushuka hawataruhusiwa tena kuandika kwa Wote. Watamwandikia msimamizi wao tu, pale inapobidi. Zuena alilisoma hadi kwenye sahihi. Kisha akachukua mkoba wake na, bila kuomba ruhusa kwa mtu, akatoka kwenda posta kununua stempu.