Aliyeanika Maji

Mwaka waliposhushwa mlimani kwenda kijiji cha ujamaa, huku tambarare karibu na Makanya, Rogathe aliteremka na vyungu, kuku wawili na kaburi moja moyoni: la bintiye Esta, aliyeteleza kwenye genge la mlima na mzigo wa kuni mgongoni. Kuni zilibaki kulekule juu. Huku chini lilikuwapo jua tu, jua la kupasua visigino.

Ndipo Eliufoo, mwanawe aliyesomea kemia, akaja na unga mweupe katika kopo la maziwa.

“Mama, hutapanda tena lile genge. Unga huu ukikaa majini na kupigwa jua, unayapasua maji, yanatoa hewa inayowaka. Utapikia hiyo.”

Akapanga chupa uani, kila moja na kichupa kilichopinduliwa cha kukingia mapovu. Mapovu yenyewe yalikuwa haba, madogo kama mayai ya chawa.

Lukia, jirani, akapita na ndoo. “Wenzetu kule Ndungu wanaanika mpunga, mwanao anaanika maji! Yakikauka utuite tule, Mama Esta.”

Eliufoo alicheka pia. “Jua lina rangi nyingi, mama. Unga huu unakula moja tu, nyingine unazikataa.”

“Kama wewe na mlenda.”

“Basi nitaufundisha kula.”

Akakwangua kutu ya jembe, akachanganya, akakaanga mpaka unga ukawa mwekundu kama tofali. Homa ilikuwa imeshamshika, alitetemeka juani.

“Twende hospitali Same, baba.”

“Kesho, mama. Huu mwekundu ndiyo kwanza umeonja jua.”

Kesho ikazaa kesho. Alipopakiwa kwenye lori hakuitika tena. Alirudishwa amefunikwa shuka.

Waombolezaji hawalali njaa. Wanawake wakajifunga kanga, wakapanda kufuata kuni kwa njia ya genge lilelile, Lukia mbele.

Rogathe alikuwa ameketishwa uani. Akaziona chupa. Katika ile nyekundu, hewa ilikuwa imeyasukuma maji hadi nusu ya kichupa. Akakiinua, mdomo chini, kama alivyofundishwa, akawasha kiberiti, akakisogezea.

Pa! Sauti ndogo, kama mtoto anayebusu. Kisha kioo kikaota umande kwa ndani. Ile hewa ilikuwa imerudi kuwa maji.

Lukia akarudi na kuni, akatua mzigo wake. “Mama Esta, jamani, unafanya nini?”

Rogathe akakifuta kichupa kwa pindo la kanga, akashika kingine.

“Naanua,” alisema.