Gitaa la Midomoni

Joska wa karibu na bomba la maji anaapa kwa kaburi la mama yake kwamba Jumapili ile wanajeshi walivunja mlango wa ukumbi wa Makindye, wakawapakia wanamuziki kwenye lori, magitaa yakining'inia nje kama miguu ya mbuzi. Joska hakuwepo. Alikuwa kwake, mlango ameuegemezea kabati.

Filda alikuwepo, tena jukwaani, maana ndiye mwimbaji.

Aliingia Sajini Sulaimani peke yake, wimbo ukiwa katikati. Askari wake mmoja akabaki mlangoni. Jua lilikuwa bado kali, kwani siku hizo bugi, dansi la mtaani, lilichezwa mchana. Usiku ulikuwa na wenyewe, wenye bunduki. Sajini akatangaza kwamba bendi za mtaani zimefutwa, anayetaka kupiga akapige kambini, nyimbo za kambini. Akachomoa waya wa amplifaya, akauviringa mkononi taratibu. Omolo, Mjaluo wa gitaa la solo, akainamisha kichwa. Gitaa la umeme bila umeme ni ubao tu.

Filda alijua wakitoka bila kumaliza wimbo, hawatarudi. Ukumbi utageuzwa ghala kama kumbi nyingine. Akawatazama watu. Hakuna aliyeusogelea mlango. Basi akaushika ubeti pale ulipokatikia, kwa sauti kavu, bila ala.

Sasa, tangu betri za redio ziadimike, watu wa Makindye walikuwa na mazoea yao: kuliimba gitaa kwa mdomo. Wafuaji bombani, wauza samaki wakipanda kutoka ziwani Ggaba, kila mmoja na sehemu yake. Huyu solo, yule rizimu ya kusindikiza, wenye vifua vipana besi. Filda alipofika mahali pa gitaa, akanyamaza. Ukumbi ukapiga. Ti-ri-ri ikapanda, du-du ikajibu, nyayo zikawa ngoma. Omolo akainua kichwa.

Sajini akafoka wanyamaze. Ndipo akamwona mkewe Kaltumi katikati ya watu, ushungi umemteleza, anapiga rizimu macho kayafumba.

"Kaltumi."

"Ngoja kwanza, baba Zubeda," akamjibu bila kufumbua macho. "Sehemu yangu haijaisha."

Kicheko kikazunguka ukumbi, na besi haikukatika. Sajini akageukia mlangoni amwite askari wake. Besi nzito kuliko zote ilikuwa inatoka huko huko.

Akabaki ameushika waya wake. Angekamata nini, midomo? Aanze na ule wa nyumbani kwake?

Bendi humaliza wimbo kwa kuwataja kwa sifa wanaoishikilia. Bendi nyingine zilishaanza kuwataja wakubwa wa jeshi, zipone. Filda akawataja wanawake wa Ggaba, mafundi wa Nakawa, na Kaltumi. Basi. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele mpaka mabati yakatetemeka.

Sajini akasogea jukwaani, akauweka waya miguuni pa Filda.

"Dada," akasema chini chini, "Jumapili ijayo na mimi unitaje. Hata mara moja tu."

Filda akauokota waya, akampa Omolo. Omolo akauchomeka, amplifaya ikanguruma, na watu wakaanza kudai wimbo mwingine. Sajini alikuwa bado amesimama pale, kofia mkononi, anangoja.