Kanga Mkuu Hunywa Mwisho

Ghalia alipopewa usimamizi wa zamu katika nyumba ya wazee, kule Edmonton ughaibuni, hakubadili viatu wala sauti. Aliamua tu kuongoza kama Kanga Mkuu wa hadithini.

Hadithi hiyo alifundishwa darasa la pili, huko Wete, na Bi Zainab, mwalimu aliyejitungia hadithi zake kwa kuwa vitabu vya skuli havikutosha. Kundi la kanga likifika dimbwini, Kanga Mkuu husubiri mpaka wadogo na wazee wamalize, ndipo naye hunywa matope yaliyobaki. "Mkubwa ni mtumishi!" watoto wakiitikia.

Kudra ikapanga kwamba miaka arobaini baadaye Bi Zainab awe katika chumba namba sita cha nyumba hiyohiyo ya Edmonton. Maradhi ya kusahau yalikuwa yamemnyang'anya Kiingereza chote. Wa kumwelewa pale walikuwa wawili tu: Ghalia, na mfanyakazi mwenzake Telesphor, mtu wa Bukoba.

Basi Ghalia akatumikia. Mfanyakazi akilalamika mgongo, yeye ndiye aliyeinua wagonjwa. Sikukuu aliwaachia wenzake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema watu, lakini yeye aliibeba mizigo yote mpaka ikageuka mawe.

"Bosi gani huyu anayefua mashuka?" Telesphor alimtania. "Kwetu bosi anapangusiwa hata kiti! Utakuja kutupigia magoti, shauri yako."

"Wee nenda kapumzike, kaka. Nitawatazama mimi."

Jumanne moja asubuhi Telesphor aliomba kutoka mapema ampeleke mkewe kliniki. Ghalia akamruhusu, akachukua wazee wake sita juu ya sita aliokuwa nao. Mpishi naye akasema mkono unamuuma. Ghalia alikuwa ameinama anasugua sufuria ya uji aliposikia kishindo. Alimkuta Bi Zainab chini kando ya kitanda, nyonga imevunjika. Jirani wa chumba cha saba alisema kikongwe alikuwa akiita, na aliita kwa muda mrefu.

Wiki tatu baadaye Bi Zainab alirudi kutoka hospitali, lakini kwa siku mbili tu. Mwanawe, Muhsin, alikuwa ameshapata nyumba nyingine kaskazini, karibu na kwake, mwendo wa saa nne kwa gari kutoka Edmonton.

"Kaka Muhsin, nakuomba," Ghalia alisema. "Huko nani atamwelewa?"

"Nitakuwa nakwenda kila Jumapili."

"Na Jumatatu?"

Muhsin hakupandisha sauti. Alikuwa mtu mpole, na hilo lilizidisha uchungu. "Hapa mlikuwa mnamwelewa, Bi Ghalia. Aliita kwa Kiswahili kitupu. Nani alikuja?"



Asubuhi ya kuondoka Ghalia alimsuka Bi Zainab nywele. Hakutambuliwa, kwa Bi Zainab alikuwa mtoto fulani tu, wa watu fulani. Huku akisuka, Ghalia akaanza kumsimulia Kanga Mkuu. Hadithi ilipofika dimbwini, kikongwe akainua kidole, na sauti ya darasani ikamrudia.

"Kwa nini hunywa mwisho?"

"Kwa sababu ni mtumishi, mwalimu."

"Hukusoma wewe! Kaa chini."

Ghalia akakaa kitandani.

"Wote wameinamisha vichwa wanakunywa. Mwewe yuko juu. Lazima mmoja asiiname. Akiinama naye, nani atawaambia?"

Ghalia alitafuta sehemu hiyo moyoni mwake asiipate. Pengine siku ilipofundishwa alikuwa na homa, hakwenda skuli. Pengine Bi Zainab ameitunga sasa hivi. Alitaka kumuuliza, lakini macho ya mwalimu yalikuwa yamekwisha kurudi dirishani, na mtoto fulani hakuwapo tena.

Gari lilikuja saa tano. Ghalia alikuwa ameandika kadi, akaifunga kwenye mkono wa kiti cha magurudumu: maji, choo, baridi, naumwa, na pembeni maana zake kwa Kiingereza. Maneno manne. Alijaribu kuongeza la tano, akaona kwamba baada ya la tano lipo la sita, na halafu lugha nzima.

"Mwanangu, miguu yangu," Bi Zainab alimwambia dereva.

Ghalia akamfasiria. Dereva, kijana mwenye heshima, akaifunika miguu kwa blanketi, akaipapasa, kisha akafunga mlango. Nyuma ya kioo mdomo wa Bi Zainab ulifunguka tena, ukasema jambo refu. Dereva akatikisa kichwa kukubali, akatabasamu, akawasha gari.

Telesphor alikuwa amesimama mlangoni. Tangu Jumanne ile hakuwa akitania.

"Amesema nini?"

"Sikusikia," Ghalia alisema.