Sisi Sote ni Wazima

Barua ilifika Jumatatu, na karani wa shule aliisoma kabla ya kumpelekea Mwalimu, kwa sababu karani yule hakuwahi kuiona bahasha akaiacha na siri zake. Aliiweka mezani, akabaki amesimama.

"Shikamoo, Mwalimu. Kaa kwanza."

"Marahaba. Nimekaa, huoni?"

Shule rafiki ya ng'ambo ilikuwa imeandika kwa adabu zote. Miaka kumi na mmoja ya urafiki, asanteni sana. Ila wanafunzi wao wamechoka. Wanasema barua zote zinazotoka kwenu ni barua moja. Basi zije za darasa moja tu, za mwisho, wazisome, kisha wapige kura kama urafiki uendelee au ufungwe.

Mwalimu aliirudia mara mbili. Urafiki ule ndio kitu pekee alichokianzisha maishani kikasimama. Alikuwa anastaafu mwisho wa muhula, na alikuwa amejipa moyo kwamba angalau ataacha hicho nyuma yake. Wanafunzi walimwita Nakala Safi, naye jina alilijua na kulionea fahari kidogo. Utaratibu wake ulikuwa huo: mwanafunzi anaandika rasimu, Mwalimu anaipitishia kalamu nyekundu, kisha anaandika barua ya mfano ubaoni na darasa zima linanakili kwa mwandiko mzuri.

"Barua moja vipi?" aliuliza. "Zina makosa gani?"

"Hazina kosa hata moja. Ndiyo shida yenyewe."

Karani alikuwa mwanafunzi wake, wa kundi la kwanza kabisa. Alifungua kabati la rasimu, maana Mwalimu hakuwa mtu wa kutupa karatasi, akapekua hadi chini na kuchomoa moja iliyokwisha kuwa ya manjano.

"Hii yangu. Rafiki yangu aliniandikia kwamba baba yake amefariki, na nyumbani kwao hakuna anayemtaja tena. Soma nilivyomjibu."

Mwalimu alivaa miwani. *Baba yangu pia alikufa. Mama aliuza baiskeli yake. Nikiiona njiani huwa naifuata, na najua si yeye anayeiendesha. Wewe mtaje tu. Mimi humtaja chooni, hakuna anayenisikia.*

Mstari mwekundu ulikata ukurasa kutoka pembe hadi pembe. Chini yake, kwa mkono wake mwenyewe: *Haya si ya barua. Anza upya.*

"Nikanakili ya ubaoni," alisema karani. "Sisi sote ni wazima. Hali ya hewa ni nzuri. Hakuniandikia tena. Ningekuwa yeye, nami nisingeandika."

"Sikutaka watuonee huruma."

"Najua, Mwalimu."

Bora karani angekasirika. Mwalimu alikunja ile rasimu akaitia mfukoni, na usiku ule usingizi ulimpaa.

Kesho yake mvua ilikuwa bado inanyesha, siku ya nne mfululizo. Darasani ndoo mbili zilikuwa zinakinga maji chini ya paa bovu. Mwalimu alifuta ubao mpaka ukawa mweusi tititi. Kalamu nyekundu alikuwa ameiacha ofisini.

"Leo hakuna mfano. Andikeni yaliyo moyoni, hata yawe mabaya, hata yawe ya aibu. Sitasahihisha."

Wanafunzi arobaini na mmoja walimtazama, kisha wakautazama ubao. Msichana wa mbele aliinua mkono.

"Mwalimu, utaandika saa ngapi?"

"Siandiki."

"Kwa hiyo tusubiri?"

"Msisubiri. Mimi mwenyewe nawaambia, naogopa kustaafu. Sijui nitaamkia wapi asubuhi. Maneno kama hayo ndiyo nayataka."

Mmoja alicheka, akajikatiza haraka. Walidhani ni mtego. Lakini kidogo kidogo vichwa viliinama na kalamu zikaanza kukwaruza. Kule nyuma, binti aliyemzika mama yake wiki tatu zilizopita aliandika bila kuinua uso. Mwalimu alipomwona moyo wake ulifunguka, akageukia dirishani ili asimtie haya.

Kengele ilipolia alikusanya karatasi, akazikumbatia chini ya koti zisilowe, akaenda nazo ofisini mbiombio kama kijana. Karani alimsogezea kiti. Mwalimu alisoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Kufikia ya sita alikuwa hasomi tena, anafunua tu. Walikuwa wamenakili kwa miaka mitatu, na ubao walikuwa nao kichwani.

Ya binti wa nyuma ilikuwa ya mwisho. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wote.

*Rafiki mpendwa. Mama anakusalimu. Sisi sote ni wazima. Hali ya hewa ni nzuri.*

Mwalimu alizipanga karatasi zote mpaka kingo zikalingana, kama alivyozoea, akamwomba karani bahasha.