Ukurasa wa Tatu

Mara tatu Mama Vifungo alikwenda zahanati, na mara zote tatu alirudi na dawa ya mzio.

Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa hakuna nguo iliyotoka kwenye cherehani yake ikiwa na kifungo kinacholegea. Alikuwa na miaka sitini na moja, mjane kwa miaka saba, mikono bado myepesi. Ila viganja vya mikono hiyo vilikuwa vimejaa madoadoa mekundu yasiyowasha, nyayo nazo vilevile, na kila asubuhi nywele zilikuwa zikibaki kwenye kitana. Muuguzi alimwambia ni rangi za vitambaa vipya. Basi akaacha kushona vitambaa vipya, akabaki kupunguza suruali za watu, na madoa wala hayakujali.

Zahanati ile ilikuwa na fomu ya kurasa nne. Wa kwanza, jina na umri. Wa pili, maradhi ya ukoo. Wa tatu ulikuwa wa mambo ya chumbani: una mwenza, ni wangapi, mnajikinga? Muuguzi mwenyewe alikuwa binti mwenye adabu, na adabu ndiyo iliyomponza. Kila alipoketi mbele yake mtu wa umri wa mama yake, alichukua rula akaupiga mstari ukurasa wa tatu wote, kona hadi kona. "Huu hautuhusu, mama yangu," alikuwa akisema kwa upole. Na Mama Vifungo, jamani, alifanya nini? Alishukuru! Nani anataka kuulizwa mambo hayo na mtoto?

Maana mwenza alikuwepo. Aliitwa Fundi Saa, mgane mpole mwenye kibanda upande wa pili wa barabara. Alileta koti lipunguzwe, akarudi kulichukua, kisha akarudi tena bila koti. Jumamosi mchana walikuwa wakifunga mlango. Usicheke, wewe. Miaka saba mama wa watu hakuguswa na mtu yeyote ila kwa kupewa mkono wa pole, na hata huo ulikoma baada ya arobaini. Anayeona hilo ni jambo dogo, na ajaribu.

Siku aliyojua, alikuwa peke yake na pasi na redio. Watu walikuwa wakibishana kama vijana wafundishwe habari za kondomu shuleni. Mmoja akasema huko ni kuwafunza uhuni, mwingine akasema uhuni wameshajifunza wenyewe, tuache unafiki. Daktari akaingilia, akataja kaswende na dalili zake: uchovu, nywele kunyonyoka, madoa kwenye viganja na nyayo ambayo hayawashi. Akaongeza kwamba wazee nao wanaugua. Mtangazaji akaangua kicheko. "Wazee, daktari? Hao si walishafunga duka!" Studio nzima ikacheka. Mama Vifungo naye alicheka kidogo, kwa mazoea tu, kisha akavitazama viganja vyake, na pasi ikaunguza kola ya mtu.

Angemwambia nani? Mashoga zake wangepata la kuzungumza mwaka mzima. Fundi Saa alipogonga Jumamosi ile, Mama Vifungo alijibanza nyuma ya mlango mpaka akasikia viatu vya mgeni vikivuka barabara. Aliumia sana, lakini angempa mkono gani, huu wenye madoa? Bintiye ndiye hasa aliyemtia hofu. Ndiye mtoto wake pekee, mke wa mtu, katibu wa kina mama, na alishasema mbele ya watu, kipaza sauti mkononi, kwamba magonjwa hayo ni ya wasiojiheshimu. Akisema, atampoteza binti. Asiposema, ugonjwa utamla taratibu huku watu wakimwita mama yetu. Alilizungusha jambo hilo kichwani siku nne, akakata shauri kwenda zahanati peke yake.

Wapi! Asubuhi hiyohiyo binti akafika. "Nimeomba ruhusa kazini. Leo nakupeleka zahanati mwenyewe, hawa wanakuchezea na dawa zao za mzio."

Akampeleka kweli, akaingia naye mpaka chumbani, akavuta kiti, akaketi kama askari. Muuguzi akafungua fomu mpya. Ukurasa wa kwanza, wa pili. Akachukua rula.

"Usipige mstari," Mama Vifungo akasema.

"Mama?"

"Nimesema usipige. Niulize kama unavyowauliza wengine."

Binti akacheka. "Mama naye! Leo umeamka na mzaha."

Mama hakucheka. Muuguzi akasoma bila kuinua uso. "Katika miezi sita iliyopita, umekuwa na... na mwenza?"

"Ninaye. Mmoja."

"Baba alikufa miaka saba iliyopita," binti akasema.

"Najua, mwanangu. Mimi ndiye niliyemuuguza."

"Umri huu, mama! Wajukuu unao! Huoni haya?"

"Haya ninayo. Hiyo ndiyo iliyonifanya niugue miezi minne."

Binti akachukua mkoba, akatoka. Hakuubamiza mlango. Aliurudisha polepole, kama anavyofanya mtu aliyetoka chumba cha mgonjwa mahututi, na hilo lilimuuma mama kuliko kelele.

Kipimo kilihitaji tone la damu kidoleni na dakika kumi na tano za kungoja. Muuguzi alipanga pamba, akazipangua, akazipanga tena. "Mama, mimi nilikuwa nakuheshimu tu," akasema.

"Heshima yako nusura inizike, mwanangu." Alisema kwa hasira, halafu akamwonea huruma, maana binti wa watu alikuwa anakaribia kulia. "Siku nyingine uliza. Tutakutukana, lakini uliza."

Majibu yakatoka. Ilikuwa kaswende. "Inatibika kabisa," muuguzi akamwambia. "Sindano mbili leo, moja kila upande. Na mwenzako lazima aje."

"Atakuja. Akikataa nitamburuta."

Alichomwa, akauma meno. Alikuwa bado anajifunga kanga mlango ulipofunguliwa, bintiye akaingia. Mama akajiandaa kumaliziwa matusi. Lakini binti hakumtazama. Alisimama mbele ya muuguzi, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Nilikuwa hapo nje, nimesikia. Sindano mbili, moja kila upande?"

"Ndiyo, dada."

"Mume wangu alichomwa hizo mwezi uliopita." Sauti yake ilikuwa ndogo, haikuwa ile ya kipaza sauti. "Mimi ndiye niliyemkanda kwa maji moto, maana hata kukaa hakuweza. Aliniambia ni za mgongo."

Muuguzi akavuta fomu mpya. Mama Vifungo akanyoosha mkono amshike bintiye bega. Bega likasogea kidogo tu.

"Mama," binti akasema, bado hajageuka, "naomba utupishe."

Akatoka. Kwenye benchi la nje watu walisogea wampishe, "Karibu, bibi, kaa," lakini kukaa hakuwezekani, sindano zilikuwa zinawaka. Akasimama karibu na mlango. Alimsikia muuguzi akiuliza swali, kisha jingine, na sauti ya bintiye ikijibu, chini mno. Mtoto huyu alimbeba tumboni, akamwogesha, akamfunza kutembea, akamshonea gauni la harusi kwa mikono hii hii. Miaka kumi na miwili ya ndoa hakuwahi kumuuliza kama yuko salama, kwa kuwa alikuwa mke wa mtu na alionekana hana shida. Machozi yakamtoka hapo hapo mbele ya watu. Kisha akasogea mbali na mlango, asije akasikia.