Gunia la Mchoro wa Pili

Naima alikuwa anahangaika na nukta mkato kwenye kifungu cha nne gunia la pembeni ya kabati lilipoinua mabega. Uzi wa mdomoni ulilia kidogo. Dastan, mhariri mwenzake, alivuta kiti nyuma ili gunia lipate nafasi, akaendelea kupanga namba za kurasa.

Ofisi yao ilikuwa chumba cha kupanga Soweto, Mbeya, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Walikuwa wanaandaa kitabu cha kiwango cha ufungashaji wa mpunga kiende kiwandani kuchapwa, kazi waliyopewa na kamati ya wataalamu na wanunuzi wa nafaka. Gunia lililetwa kutoka Madibira ili lipigwe picha ya Mchoro wa Pili. Lilikuwa la Roza, mkulima wa huko, na lilifika limeshonwa usawa wa mdomo, kama rasimu ilivyotaka.

Kifungu cha nne cha rasimu kilikataza lumbesa. Kwa aliyebahatika kutoijua, lumbesa ni ule mpunga unaolundikwa juu ya mdomo wa gunia na kufungiwa wavu, kisha mnunuzi akasema hilo bado ni gunia moja. Kila mtu huilaani. Hata wanaoishona huilaani, sindano ikiwa mkononi.

Asubuhi hiyo Mzee Kalinga, mwenyekiti wa kamati na mnunuzi mkubwa wa mpunga, alikuwa ametuma rekebisho dogo. Katazo libaki kama lilivyo, ila kwenye fasili iongezwe kwamba gunia lililojaa ni gunia lililojazwa kwa desturi ya soko. Kikao kilichopitisha maneno hayo kilifanyika Iringa wakati wa mavuno, kwa hiyo wakulima walituma salamu tu. Dastan aliyaingiza kabla ya chai. Baada ya chai gunia likaanza kukua.

Mchana Roza akapiga simu.

"Shikamoo, mama Pendo," alisema Naima.

"Marahaba, mwanangu. Mmebadilisha nini huko? Mpunga wangu wa stoo umeshuka mpaka chini ya dirisha. Mlango nimefunga mwenyewe."

"Tumeongeza fasili moja, mama."

"Basi itoeni. Huo ndio mpunga wa Pendo."

Naima alilijua jambo hilo. Pendo, binti wa Roza, alikuwa kidato cha tatu. Mpunga ukitosha, angerudi shuleni. Usipotosha, angekwenda Nyololo kuosha vyombo kwa mama mmoja mwenye mgahawa kando ya barabara kuu. Roza alikuwa amelieleza hilo siku alipotoa gunia, bila kuomba chochote, kama mtu anayetaja njia ya kufika kwake.

Naima akaifuta ile fasili. Gunia likashusha pumzi na kurudi kimo chake. Jioni ujumbe wa Roza ukaingia: "Umerudi wote. Mungu akuzidishie."

Kesho yake Kalinga alipanda ngazi mwenyewe, na mfuko wa maparachichi mkononi.

"Kamwene, binti yangu," alisalimia kwa lugha ya kwao. "Naona kuna maneno yamepotea."

"Yanapingana na kifungu cha nne, mzee. Na mpunga wa watu unahama."

Kalinga alilitazama gunia kwa heshima, kama mtu aliyekutana na ndugu wa upande wa mama.

"Yanapingana, kweli. Lakini yamepitishwa. Mhariri ni fundi cherehani, binti yangu. Kitambaa huleta mwenye nguo."

Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Mkataba ulisema wahariri waguse lugha, wasiguse maana, na sahihi ya Naima ilikuwa chini yake. Alingoja Dastan aseme neno. Dastan alikuwa anamenya parachichi. Naima akairudisha fasili kwa mkono wake mwenyewe, na alijichukia wakati anafanya hivyo.

Safari hii gunia halikuwa na haya. Lilipanda mpaka likagusa dari, na mwenye nyumba alipoitwa akasema dari ikatwe kwa msumeno, isije ikapasuka ovyo. Dastan alipiga picha upya akiwa amesimama kwenye korido, kwa sababu ndani gunia halikuenea kwenye kamera. Chini ya picha aliandika: "Gunia lililojaa."

Roza alipiga tena. Hakufoka.

"Hicho kiwango mtakipitia tena lini?"

"Baada ya miaka mitano, mama."

"Haya, mwanangu," alisema Roza. Naima akasikia mahali fulani nyuma yake fagio likipita kwenye sakafu tupu.

Uzinduzi ulifanyika Iringa. Kalinga aliwapakia wahariri kwenye gari lake pamoja na maboksi ya nakala, na Nyololo wakasimama kula. Msichana aliyevaa sweta la shule alikuja na jagi la maji na beseni.

"Wewe ndiye dada Naima? Mama alisema mtapita. Mimi ni Pendo."

"Pendo yupi?" aliuliza Kalinga.

"Binti wa mwenye gunia, mzee," alisema Naima.

"Aa! La Mchoro wa Pili!" Kalinga alifurahi kwa dhati. Akaenda garini, akarudi na nakala mpya, akaitia sahihi na kumpa kwa mikono miwili.

Pendo aliweka jagi chini, akajifuta mikono kwenye khanga na kufungua kurasa taratibu. Wino ulikuwa bado unanukia.

"Kimeshaanza kutumika?" aliuliza.

"Kimeshaanza," alisema Naima.

"Kisome chote, binti yangu," alisema Kalinga. "Na usiache shule."

Kisha akanyoosha mikono juu ya beseni, na Pendo akammiminia maji.